Miguu Iliyotembea Bila Mimi

Kuna mtu mahali fulani, labda wodini, labda kwenye chumba cha ndani nyumbani kwao, ambaye miguu yake haimsikii tena. Akiiamuru isimame, inalala. Akiiacha ilale, inaruka yenyewe na kutupa blanketi chini. Watu wa nyumbani wameshamweleza sababu nyingi, na kila mmoja ana uhakika na yake. Huyo ndiye ninayemwandikia. Mimi nimepita hapo, nikatokea upande wa pili na fimbo moja na kinundu mgongoni, na mambo niliyotamani kuambiwa wakati ule niliambiwa nikiwa nimechelewa.

Sitaueleza ugonjwa wenyewe kwa kidaktari, maana sikusomea. Niliambiwa ni kifua kikuu kilichohama kifua kikaenda kukaa kwenye mfupa wa mgongo. Nilibisha sana. Sikuwa nakohoa, sikuwa nimekonda, nilikuwa mwanamke wa kubeba mtungi wa maji na mtoto kwa safari moja. Ugonjwa haukuuliza maoni yangu.

Ulianza mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati tunangoja mvua za vuli. Nilikuwa nimeolewa Mukuyuni, upande wa Makueni, na kikundi chetu cha mwethya, yaani wanawake wa kusaidiana kazi za shamba kwa zamu, kilikuwa kinachimba matuta. Tulichimba kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Mwanangu wa kwanza, Mwende, alikuwa mchanga bado, na nilimlaza kivulini pembeni ya shamba. Mgongo uliponiuma sikushtuka, kwa sababu hakuna mwanamke wa mwethya ambaye mgongo haukumuuma. Mama mkwe alisema ni mgongo wa mzazi, utaisha nikinywa uji wa kutosha. Nilikunywa uji mpaka nikauchukia.

Kisha siku moja nikarudi kutoka shambani na mama mkwe akaniangalia miguu. "Nduku, ndala nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi, na kidole kimechanika kinatoa damu. Sikuwa nimesikia ndala ikichomoka wala kidole kikichanika. Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kwa kuchelewa kidogo, na usiku ule sikula.

Kabla mvua hazijanyesha nilikuwa natembea kwa kushika kuta. Mume wangu Mutiso alikuwa akifanya kazi ya kuziba pancha Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, na alikuja mara moja alipoitwa. Wazee wa kwao wakakaa wakasema jambo ambalo kwetu ni la kawaida: mwanamke akishikwa na ugonjwa usioeleweka, arudi kwa mamake atunzwe huko mpaka apone. Kwetu ni Matinyani, karibu na mji wa Kitui, na hospitali iko pale pale mjini. Kwa hiyo hakuna aliyenifukuza. Nasema hivi kwa sababu miaka mingi baadaye watu walipenda kusema nilifukuzwa.

Mutiso alinibeba mgongoni kutoka kwenye basi hadi kwenye benchi la hospitali. Nakumbuka benchi lile kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Lilikuwa la mbao, limelainika kwa makalio ya watu, na nilikuwa nimelala juu yake kwa sababu sikuweza kukaa, kwa hiyo nilikuwa nimechukua nafasi ya watu watatu. Kila aliyefika alinitazama kwanza kwa hasira, halafu kwa huruma. Nilipendelea hasira. Tulingoja picha ya mgongo, tukangoja majibu ya picha, tukangoja daktari aliyekuwa ameenda kula. Mwende alilia, nikamnyonyesha nimelala ubavu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomnyonyesha, ingawa wakati ule sikujua.

Daktari alisema mtoto asikae nami wodini. Mutiso akamfunga Mwende kwa shuka langu na kurudi naye Mukuyuni kwa mamake. Mtoto alikuwa hajaota jino hata moja.

Walinilaza kwenye ubao, wakanivika plasta kutoka kwapani mpaka kiunoni, ngumu kama mtungi. Sasa fikiria mwanamke anayenyonyesha ndani ya plasta. Maziwa hayakuwa na habari kwamba mtoto ameondoka. Yalikuja kila alasiri, saa yake ileile, yakaloanisha plasta na kukauka na kunuka. Muuguzi alinifunga kifua kwa kitambaa na kusema yataisha. Yaliisha, na siku nilipogundua hayakuja nililia kuliko siku zote zilizotangulia.

Asubuhi ilikuwa sindano. Kila asubuhi, kwenye makalio ambayo yalizidi kupungua mpaka muuguzi akawa anatafuta pa kuchoma. Masikio yalianza kulia kama nyenze. Mapaja yangu, yaliyokuwa yakipanda kilima cha Mukuyuni na mzigo, yaliyeyuka mpaka goti likawa ndilo sehemu nene ya mguu. Mkojo ulipita kwenye mpira. Nikigusa nyayo zangu kwa mkono nilikuwa kama nagusa viatu vya mtu mwingine. Jirani yangu wa kitanda, mama mmoja wa Mutomo aliyevunjika nyonga, alinipa kioo chake kidogo cha kujitazamia. Niliegemeza kioo kwenye plasta na kuona dirisha kwa kinyume: mti wa mjakaranda, kamba ya nguo, mbuzi wa mtu. Alipotoka aliniachia kile kioo, na sijawahi kupewa kitu kizuri zaidi.

Mvua za vuli zilinikuta pale, na za masika zikanikuta pale. Sindano zilipokwisha nikapewa vidonge na kurudishwa Matinyani kwa mamangu, nikiwa bado ndani ya plasta, na amri ya kulala chali.

Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba viwili. Kitanda kilichokuwa na mbao imara kilikuwa kimoja tu, chake, cha chumba cha ndani. Nililazwa hapo. Na hapo ndipo shida yangu ya pili ilipoanzia, shida ambayo mgeni hawezi kuielewa bila kuelezwa. Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni heshima ya mkwe. Mwanamume na mama aliyemzalia mke hawasogeleani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mkwe haingii chumba cha mama huyo, haoni kitanda chake. Siku hizi kuna vijana wanaokula meza moja na mama wakwe zao na kusimulia habari za mpira, lakini mamangu hakuwa mtu wa siku hizo, ingawa alikuwa mtu wa kanisa tangu utoto. Hata akienda mtoni, chumba kilibaki chake na kitanda kilibaki chake.

Kwa hiyo Mutiso alipokuja kunitembelea hakuniona. Alikaa nje, kwenye kigoda chini ya dirisha, na mimi nililala ndani chini ya dirisha lilelile, na ukuta katikati. Tuliongea hivyo. Ningetamani kutoka, lakini kunibeba kulikatazwa, na kutembea sikuweza. Kati yangu na mume wangu palikuwa na mwendo mfupi tu, wa kutoka kitandani hadi mlangoni, na nilikuwa natakiwa niutembee mwenyewe.

"Ameota jino," sauti yake ilisema.

"La juu au la chini?"

"La chini. Ameniuma nalo."

Safari nyingine alisema anakaa bila kushikwa. Nyingine akasema anatambaa, tena kwa kurudi nyuma, kama kaa. Nyingine, "Anashika kiti cha mama anasimama, halafu anaogopa kukaa chini, analia hapo juu." Nilicheka mpaka plasta ikanibana mbavu. Alipoondoka nilibaki nikitazama mabati. Mtoto alikuwa anapanda na mimi nilikuwa nashuka, na sote wawili tulikuwa tunajifunza habari za mwenzetu kwa kusimuliwa. Yeye hata hakuwa anasimuliwa. Niliogopa kitu kimoja tu kwa wakati ule, na sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nitachelewa kupona, naye atanisahau. Kifo sikukiogopa hivyo.

Plasta ilikatwa wakati wa kiangazi kikuu. Chini yake nilikuwa mweupe kama mhogo ulioambuliwa, na mgongoni kinundu kimetokeza. Miguu ilikuwa imeanza tabia mpya. Ilikuwa inacheza. Nikiwa nimelala kimya, goti linapanda, linashuka, lingine linapanda, linashuka, kwa mpigo, kama mtu anayeenda mahali. Sikuwa nimeituma. Mama alisimama mlangoni akiiangalia na mkono mdomoni.

Akaenda kumwita Mama Kilonzo, kiongozi wa wanawake wa maombi kanisani kwetu. Mama Kilonzo alikuwa mama mkubwa, mwenye mikono ya kukanda, na sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Alinipenda, sina shaka nalo. Alikuja na wenzake, wakaomba, wakaimba, halafu Mama Kilonzo akasema wanisimamishe kwa imani. Yeye alinishika kwapa moja, mwingine kwapa jingine, wakaniinua mpaka nyayo zikagusa sakafu.

Miguu ikatembea.

Lazima niseme hili kwa usahihi, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana nalo. Wao walikuwa wamenibeba, nami nikining'inia. Nyayo zilipogusa udongo, mguu wa kulia ulijikunja, ukaenda mbele, ukakanyaga. Wa kushoto ukafuata. Wa kulia tena. Niliuona kwa macho. Sikuusikia hata kidogo. Nilitazama chini nikaona miguu ya mwanamke fulani ikitembea vizuri, na mwanamke huyo hakuwa mimi.

"Anatembea," mama alisema, akaanza kulia.

"Mimi sitembei," nikasema. "Ni miguu inatembea."

"Sasa hiyo ni nini ya kusema," Mama Kilonzo akanijibu, jasho linamtoka kwa furaha. "Miguu ni ya nani, si ni yako? Usikatae baraka, mwanangu."

Ukweli ni kwamba na mimi nilitaka kuamini. Jumapili ile ikatangazwa kanisani, na muumini aliyekuwa akienda Makueni kuuza mbuzi akabeba habari mpaka Mukuyuni: Nduku anatembea, mje mumchukue.

Mutiso alikuja na pikapu ya rafiki yake wa Kambu, nyuma wametandika godoro. Nilisikia injini ikizimwa, nikasikia kigoda kikivutwa. Safari hii hakukaa chini ya dirisha. Alikaa uwanjani, akitazama mlango, kama mtu anayengoja mke wake atoke.

Ndani, mama alikuwa amenivisha gauni langu la harusi ya kanisa, limenipwaya. Mama Kilonzo na mwenzake wakaniinua. Miguu ilikanyaga mara chache, sawasawa, mpaka karibu na pazia la mlango wa chumba. Mama Kilonzo akanong'ona kwa mwenzake kwamba sasa tumwachie, mumewe asione ameshikwa. Wakaniachia. Miguu ilikaza yote kwa pamoja, ikapishana kama mkasi, nami nikaanguka kwa mgongo juu ya karai. Maumivu yale sitayaeleza. Yalinifunga pumzi. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Nikamsikia Mama Kilonzo akitoka nje. Mama hakuweza kutoka, sababu ya nthoni. Nikamsikia Mutiso akiuliza, "Kuna nini kimeanguka?"

"Ni karai tu," Mama Kilonzo akasema. "Baba Mwende, leo hasikii hamu ya kutoka."

"Anatembea ama hatembei?"

"Kutembea anatembea. Leo tu hajasikia kutoka."

Mwanamke huyo alikuwa ametangaza muujiza mbele ya kanisa zima. Hakuweza kuufuta uwanjani mbele ya mwanamume mmoja. Mimi nilikuwa nimelala chini nyuma ya pazia, nasikia kila neno, na sina pumzi ya kusema hata jina lake. Mutiso alingoja. Alisogea dirishani akasema, bila ukali, "Nduku, nimekuja na gari." Akangoja tena. Pumzi iliporudi, injini ilikuwa imeshawaka.

Baadaye tuliwatumia ujumbe kwamba siwezi kutembea. Haukuaminiwa, na siwalaumu. Watu walewale waliosema natembea ndio sasa waliosema sitembei. Kule Mukuyuni ikajulikana kwamba mke wa Mutiso amepona, amekaa kwao, amekataa kurudi. Dirisha likanyamaza. Hakuna aliyekuja kuniambia Mwende amefanya nini tena. Nililala nikihesabu mistari ya mabati na kujaribu kumwona mtoto akiwa mkubwa kuliko nilivyomwacha, na sura haikuja. Nilikuwa na mama, nilikuwa na majirani, watu waliingia na kutoka na uji na isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Kila mwezi nilipelekwa kliniki mjini kwa mkokoteni wa punda. Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia tena nilipoambiwa nipelekwe chumba cha mazoezi, nyuma kabisa, karibu na jiko la hospitali. Mwenye chumba alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo, Mwislamu wa familia za Waswahili wa Mwingi, aliyeongea Kikamba chetu vizuri lakini akipenda kunifundishia Kiswahili chake. Nilimsimulia yote. Nilitegemea acheke au akasirike. Hakufanya lolote.

"Umewahi kuchinja kuku?" akaniuliza.

"Nimechinja wengi."

"Kichwa kikishatoka, amefanyaje?"

"Anakimbia."

"Nani anaiambia miguu ikimbie? Kichwa kiko mkononi mwako."

Nikatazama miguu yangu.

"Na mwanao alipozaliwa," akasema, "hukumshika kwapani ukamsimamisha mapajani? Hakukanyaga-kanyaga?"

Alikanyaga. Mama mkwe alicheka akasema huyu atakuwa mtembezi. Mtoto wa wiki ya kwanza, ambaye hajui hata kushika kichwa chake.

"Basi mwendo haukai kichwani, Nduku. Unakaa hapa." Akanigusa chini ya kinundu. "Mungu aliuweka kwenye uti wa mgongo, kulia-kushoto, kulia-kushoto, kabla hatujajua kuomba. Uti wako umesongwa na ule ugonjwa, amri za kichwa zikawa hazipiti. Lakini mwendo wenyewe uko palepale chini, haujafa. Wale mama hawakuona uongo. Miguu ilitembea kweli. Ila kichwa hakikuwemo, na bila kichwa utaanguka tu."

"Sasa mimi ni kuku?"

"Wewe ni mtu mwenye maksai wazuri na hana kamba ya kuwashika. Maksai waliozoea plau hawafundishwi kutembea. Wewe jifunze kuwaanzisha, kuwasimamisha na kuwageuza. Dawa ikishafungua njia, amri zitaanza kupita kidogo-kidogo. Ama hazitapita. Siahidi."

Nililia pale juu ya mkeka wake, na nitasema kwa nini, kwa sababu wewe unayesoma huenda unalihitaji hili. Hakunipa matumaini makubwa. Lakini tangu miguu ianze kucheza nilikuwa nimeambiwa ni baraka, na mke wa jirani aliniambia pembeni ni mizimu inayotaka ngoma, na usiku niliwaza kwamba ni mimi nimeharibika akili. Kumbe ulikuwa mwili wangu tu, unafanya kazi yake gizani bila msimamizi. Sikuwa nimelogwa, wala sikuwa nimepona.

Alinifunga leso mbili chini ya kwapa, akazifunga kwenye boriti, nikaning'inia kati ya fito mbili za mbao. Akaushika mguu wangu na kuukanyagisha chini. Miguu ikaanza. Kazi yangu ilikuwa kufikiria kila hatua wakati inatokea, kama mtu anayefuata wimbo asioujua mpaka aweze kuuimba. Siku nyingi sikufuata chochote. Miguu ilikwenda zake, au ilikaza na kukataa, na Bi Zuhura aliketi kwenye kiti chake akitoa mawe kwenye maharagwe ya chakula chake cha jioni, akiniangalia kwa jicho moja.

Mvua zikanyesha. Kwenye kidole kikubwa cha kushoto nikaanza kusikia moto, kama kimewekwa kwenye jivu. Nilimwambia Bi Zuhura kwa malalamiko, naye akaacha maharagwe akaja kukishika kile kidole na kutabasamu. Moto ule ulipanda mguu polepole kwa msimu mzima. Yeyote atakayekuambia kupona hakuumi, mwambie Nduku amekataa.

Jambo lililonisaidia sikulifundishwa. Siku moja nilikuwa nimechoka, miguu imegoma, nikaanza kuimba chinichini ule wimbo wa kuchimbia matuta, kwa kuchoka tu, jinsi mtu anavyoimba akiosha vyombo. Kwenye kiitikio mguu ukaenda. Kwenye kiitikio cha pili ukaenda wa pili. Safari hii nilikuwamo. Nilijua utakwenda kabla haujaenda. Bi Zuhura akasimama. "Usiache kuimba," akasema. Kuanzia hapo nilikuwa naimba, wagonjwa wa benchi la nje wakasema kule nyuma kuna mama wa mwethya amerukwa na akili. Mpaka leo nikichoka nikiwa njiani huwa naimba, na nikivuruga wimbo navuruga hatua.

Nilitoka kwenye fito kwenda kwenye magongo mawili, na kutoka magongo kwenda fimbo mbili. Masika yakaja na kwenda. Vidonge vikaisha. Siku nilipotembea kutoka kitanda cha mama hadi uwanjani bila kushikwa, uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa kuku na mama aliyekuwa anapepeta. Nilikaa kwenye kigoda kile nikalitazama dirisha kwa upande wa nje. Lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri.

Nilikwenda Mukuyuni mwenyewe. Mama hakuweza kunisindikiza kwa mkwewe, kwa hiyo nilisindikizwa na Mama Kilonzo. Alijitolea, na safari nzima, mpaka Machakos na kutoka Machakos, hakusema mengi. Tuliposhuka sokoni alitaka tutafute mtu wa kutubebea mzigo na mimi pia. Nilikataa. Kutoka barabarani hadi boma la Mutiso ni mteremko na kilima, na nilikichukua kwa wimbo mzima na kupumzika kila palipokuwa na jiwe. Watu waliacha kuvuna wakasimama. Hakuna aliyenisalimia mpaka nilipowasalimia.

Mutiso alikuwa nyumbani, amekuja kwa wiki ya mavuno. Alitoka ghalani akasimama, akatazama fimbo zote mbili, akatazama jinsi mguu wa kulia ulivyokuwa ukiburura kidole. Hakunitazama uso kwanza.

"Baba Mwende," Mama Kilonzo akaanza, na sauti yake iliyofika ng'ambo ya bonde haikufika hata ghalani. "Siku ile ulikuja na gari, alikuwa ameanguka. Alikuwa chini, hawezi kuongea. Mimi ndiye nilisema hasikii kutoka. Haikuwa yeye."

Mutiso alikaa chini palepale kwenye mabua.

"Kumbe ulikuwa huwezi," akaniambia.

"Nilikuwa siwezi."

"Na mimi nilikuwa nje tu hapo."

"Nilikusikia."

Sikutaka zaidi ya hapo. Aliinuka akaleta kiti. Tangu siku ile tumeishi pamoja, tumepata watoto wengine wawili, wa kuzaliwa kwa upasuaji, na hajawahi kuniuliza kwa nini nachelewa njiani.

Lakini sikuwa nimepanda kilima kile kwa ajili yake. Mama mkwe alitoka jikoni, na nyuma yake, ameshika sketi yake, mtoto wa kike mwenye miguu imara. Alikuwa anatembea, anakimbia, anaruka kizingiti bila kutazama chini. Sikujua alijifunza lini. Nilimwita jina. Alijificha nyuma ya sketi akanichungulia, akaziangalia fimbo kwa hamu kuliko alivyoniangalia mimi. Halafu akamuuliza mama mkwe, akimwita mama, huyu mgeni ataondoka lini.

Mama mkwe alinitazama macho yamemjaa maji, akaanza kumwambia mtoto kwamba huyu ndiye, huyu ndiye. Nikamwambia aache. Nilimwambia Mwende kwamba siondoki, na kama anataka anaweza kushika fimbo moja. Akaja akaishika, akaenda nayo mbio uwanjani, na mimi nikabaki nimeegemea moja iliyosalia, naogopa kuanguka mbele yake.

Wewe uliyelala, nimekuambia yote niliyo nayo. Miguu ikicheza usiogope, na usikubali mtu aite huko ni kutembea. Meza dawa mpaka za mwisho, hata ukijisikia mzima. Tafuta wimbo. Mwambie mtu wazi unachoogopa, mapema, wakati bado una pumzi. Na ukubali kwamba kuna kitu ambacho ugonjwa utaondoka nacho na hautakirudisha, hata ukipona namna gani.

Mwende sasa ni mwanamke mzima, ameolewa Wote, na ni mtoto mwema. Huniletea sabuni na majani ya chai, na hunisugua mgongo kinundu kikiuma wakati wa baridi. Bibi yake alipokufa, alimlilia akimwita mama. Mimi ananiita Nduku, kama watu wengine wote wa Mukuyuni wanavyoniita. Akifika mlangoni huita hivyo, Nduku, uko? Nami naitika, naanza wimbo wangu, nainuka kwenda kumfungulia.